VALVU MPYA KWA KILA TAIRI JIPYA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya madereva, makanika na mafundi wa matairi, wanachama wa Chama chetu)



Safari hii hatutaanza na mshahara. Tutazungumza juu ya kitu kidogo kisichozidi urefu wa kidole, nacho ni valvu ya gurudumu, yaani kile kijiti tunachotilia upepo. Huenda wengine wenu wakasema, "Chama kimekosa la kusema, sasa kinatufundisha kutia upepo." Lakini subirini kidogo. Kitu hiki kidogo huwafanya madereva wakatwe mishahara, huwaumiza mafundi mikono na nyuso, na kikikatika gari likiwa mbioni chaweza kulipindua pamoja na watu wake. Kwa hivyo ni jambo la Chama, tena ni jambo kubwa.

Neno letu ni moja: kila tairi jipya lifungwapo, valvu nayo iwe mpya. Tutaeleza kwa nini, kisha tutaeleza jinsi ya kuifanya kazi hiyo vizuri, na mwisho tutasema tunataka nini kwa waajiri.

VALVU NI NINI, NA KWA NINI HUSAHAULIWA

Valvu ina sehemu tatu. Ya kwanza ni shina, na kwa magari madogo shina hilo huwa ni bomba dogo la shaba lililovikwa mpira. Ya pili ni moyo wake, ambao una springi na mpira mdogo sana wa kuzuia upepo usirudi nje. Ya tatu ni kofia. Moyo huzuia upepo, na kofia huukinga moyo na vumbi, matope na maji.

Tairi la upepo lilianza kuenea baada ya John Boyd Dunlop wa Belfast kulipatia hati mwaka 1888. Valvu ya namna tunayoitumia sasa ilipewa hati huko Marekani mwaka 1893 kwa jina la Schrader, na tangu hapo haikubadilika sana. Miaka mingi kila tairi lilikuwa na tubu ndani yake, na valvu ilikuwa imeshikamana na tubu hiyo. Fundi aliyeweka tairi jipya aliweka na tubu mpya, na kwa hivyo alipata valvu mpya bila hata kuifikiria.

Mwaka 1947 kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani ilitangaza tairi lisilo na tubu, na kufika mwaka 1955 magari mapya mengi ya Marekani yalikuwa yakitoka kiwandani na matairi ya namna hiyo. Hapo ndipo desturi mbaya ilipoingia. Tubu iliondoka, na valvu ikabaki peke yake katika tundu la rimu. Tairi likiisha, tairi hutolewa. Rimu hubaki, na valvu hubaki pamoja nayo. Haina mwenyewe wa kuitunza. Tairi la pili huja, la tatu huja, na valvu ni ile ile.

VALVU HUZEEKA

Mpira huzeeka, ndugu zetu, hata kama hauguswi. Jua huukausha. Joto la breki huuchoma kutoka ndani ya gurudumu. Tena hewani kuna kitu kiitwacho ozoni, nacho hushambulia mpira uliovutwa na kuutia nyufa ndogo ndogo. Sasa valvu imevutwa kwa nguvu ndani ya tundu lake, na kila gurudumu lizungukapo kwa kasi shina hupinda kidogo kuelekea nje. Lipinde leo, lipinde kesho, kwa maelfu ya maili. Nyufa huanza pale chini kabisa, shina lingiapo katika rimu, mahali ambapo dereva akitazama haraka asubuhi hawezi kuona kitu.

Mwenye kutaka kuona na afanye hivi: aishike valvu kwa vidole, aipinde upande huu na upande huu, atazame shingo yake. Akiona mistari kama ya udongo uliokauka, valvu hiyo imekwisha. Lakini asipoona kitu, asiseme kwamba ni nzima, kwa maana sehemu yake nyingine imo ndani ya rimu na haionekani mpaka tairi litolewe.

Sisi wa Kenya tuna sababu zaidi ya kuangalia. Magari mengi tunayoyaendesha yaliingia nchini yakiwa yametumika kwingine, na sheria yetu hukubali gari lililotumika lisilozidi miaka 8. Basi gari laweza kushuka Mombasa na valvu yenye umri wa miaka saba. Likafungwa matairi mapya hapa, likafanya kazi miaka mingine mitano, likafungwa matairi tena. Hesabuni wenyewe umri wa valvu ile.

Tuseme na upande wa pili, ili tusionekane kama watu wa kutisha wenzao bure. Si kila valvu mpya ni nzuri. Mwaka 2006 zilitengenezwa huko China valvu nyingi za mpira, zikapelekwa Marekani, zikaanza kupasuka baada ya muda mfupi tu kwa sababu mpira wake haukuwa na dawa ya kutosha ya kuzuia ozoni. Mwaka 2008 ilitangazwa zirudishwe. Kwa hivyo mwenye stoo asinunue tu kilicho rahisi kuliko vyote, wala asianike valvu juani mlangoni kama ndizi za kuuzwa. Aziweke gizani, mahali pasipo joto, na zilizonunuliwa kwanza zitumike kwanza.

HASARA INAVYOKUJA

Wengine hufikiri kwamba valvu mbovu ni ile inayokatika ghafula. Ndiyo, hiyo ipo, na ni hatari kubwa. Lakini iliyo nyingi zaidi ni ile ivujayo polepole. Dereva hutoka Nairobi gurudumu likiwa na upepo wake kamili. Upepo hupungua kidogo kidogo. Tairi lenye upepo mdogo hulegea ubavuni, na kila lizungukapo ubavu hujikunja na kujikunjua. Kule kujikunja huleta joto. Afikapo nchi ya chini, Mtito Andei na kuendelea, lami ina moto, mzigo ni mzito, na ndani ya tairi joto limezidi. Nyuzi huachana na mpira, na tairi hupasuka.

Sasa tazameni lipatikanalo baada ya hapo. Tairi limeraruka vipande. Hakuna anayeitazama valvu. Bwana mwenye gari huja, humwona dereva, husema, "Wewe umeendesha bila kupima upepo," au, "Wewe umegonga shimo." Na mwisho wa mwezi pesa za tairi hutoka katika mshahara wa dereva.

Tulipata shauri la namna hii katika gereji moja ambayo hatutaitaja. Madereva wawili walikuwa wamekatwa mshahara kwa matairi yaliyoharibika kwa kukosa upepo. Mwakilishi wetu wa kazini hakupiga kelele. Aliomba yaletwe magurudumu mengine ya malori madogo yale yale, yaliyokuwa yamefungwa matairi mapya majuma machache kabla. Yakatiwa upepo, kisha yakalazwa moja moja katika pipa la maji lililokatwa, mbele ya meneja. Mapovu yakatoka chini ya valvu za magurudumu matatu. Matairi yalikuwa mapya, na valvu zilikuwa zimepauka kwa uzee. Meneja alitazama, akanyamaza, kisha akaagiza pesa zirudishwe. Tangu siku hiyo valvu hununuliwa pamoja na matairi pale. Maji na mapovu yalifanya kazi ambayo barua zetu tatu hazikuifanya.

SABABU YA KUIFANYA WAKATI WA TAIRI JIPYA

Kazi ya kubadili valvu ya gari dogo si ngumu. Ugumu ni kuifikia. Mpaka ulegeze nati, upige jeki, utoe gurudumu, utoe upepo, uvunje ukingo wa tairi kutoka kwenye rimu. Baada ya hapo kuna kurudisha yote, kutia upepo, na kusawazisha gurudumu kwa risasi upya. Lakini siku ya tairi jipya kazi hiyo yote inafanyika hata hivyo. Mlango uko wazi. Kuongeza valvu ni kazi ya dakika chache, na bei yake haiwezi kulinganishwa na bei ya tairi. Mwenye kuiacha valvu ya zamani ili aokoe shilingi chache atalipa kazi yote mara ya pili, na huenda akalipa na tairi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KAZI YENYEWE

Sasa twasema na mafundi. Mnajua kazi yenu, lakini mambo haya yafaa kukumbushana, hasa kwa vijana wanaojifunza.

1. Toa upepo wote kwanza kwa kufungua moyo wa valvu kwa ufunguo wake. Usiweke uso mbele yake, kwa maana moyo waweza kuruka kama risasi. Usivunje ukingo wa tairi wakati bado kuna upepo ndani.

2. Tairi likiisha kutoka, kata valvu ya zamani upande wa ndani kwa kisu, uivute nje. Angalia usikwaruze tundu la rimu.

3. Safisha tundu kwa brashi ya waya. Kutu, rangi iliyobanduka na makali ya chuma huvujisha upepo au hukata mpira mpya. Rimu ikiwa na ufa karibu na tundu, iweke kando, umwambie msimamizi.

4. Pima tundu. Magari mengi madogo yana tundu la milimita 11.5. Mengine, hasa ya zamani na baadhi ya magari ya mizigo, yana tundu la karibu milimita 16. Valvu ndogo katika tundu kubwa itaonekana kama imekaa, kisha itatoka siku ya mzigo.

5. Angalia upepo unaotakiwa. Valvu ya kawaida ya mpira haipaswi kupita ratili 65 kwa inchi ya mraba, yaani hizo PSI zinazoandikwa kwenye geji. Gari dogo hutaka karibu ratili 30 tu, kwa hivyo inatosha. Lakini matatu na gari la mizigo huweza kutaka upepo mwingi zaidi. Soma karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa dereva. Ikiwa upepo unaotakiwa ni mwingi kupita kipimo cha valvu, tumia valvu ya upepo mwingi au ya chuma.

6. Paka valvu mpya maji ya sabuni au mafuta maalumu ya kufungia matairi. Usitumie oili, wala grisi, wala petroli, maana hivyo huharibu mpira.

7. Ivute kwa chombo chake, moja kwa moja bila kuipinda, mpaka mkunjo wake ukae sawasawa pande zote. Usiivute kwa koleo, wala usiigonge kwa nyundo. Ikichanika kidogo, itupe.

8. Funga tairi, kisha litie upepo ukisimama kando. Tairi la gari dogo likikataa kukaa kwenye rimu, usizidishe ratili 40 ukilazimisha. Toa upepo, paka sabuni, anza tena.

9. Paka maji ya sabuni kwenye shina, kwenye moyo na pande zote za ukingo. Ukiona povu, kazi haijaisha. Moyo wa valvu kazwa kiasi, usikazwe kwa nguvu.

10. Funga kofia. Kofia ya plastiki yafaa kabisa. Gurudumu lisilo na kofia ni kazi iliyoachwa nusu.

Kuna magari ya siku hizi yenye chombo cha kupima upepo kilichofungwa ndani ya rimu, kwenye mwisho wa valvu. Hapo usikate kitu kabla ya kutazama. Ikiwa shina ni la chuma, mara nyingi shina na chombo hubaki, ila hubadilishwa mpira wa kuzuia upepo, nati, moyo na kofia. Shina la aluminiamu lataka moyo uliopakwa nikeli. Ukitia moyo wa shaba tupu, vitashikana kwa kutu na havitafunguka tena.

MALORI MAKUBWA

Malori yana mambo yake. Palipo na tubu, tairi jipya liwekewe tubu mpya na flapu mpya. Tubu ya zamani imekwisha kunyooka. Ukiitia katika tairi jipya hujikunja, na mahali pa mkunjo ndipo itakapopasukia. Tena dereva akiona valvu imelala upande mmoja badala ya kusimama wima, ajue kwamba tairi limetembea juu ya rimu kwa kukosa upepo, na tubu inavutwa kwenye shina. Asiendelee na safari.

Palipo na tairi lisilo na tubu, valvu ya lori huwa ya chuma. Shina likiwa zima laweza kubaki, lakini mipira yake ya chini na moyo wake vibadilishwe kila tairi jipya liwekwapo, na nati ikazwe kwa kipimo.

Na juu ya kutia upepo kwenye gurudumu la lori, hasa lenye rimu ya pete, hatutaki mzaha. Upepo wake ni zaidi ya ratili 100. Pete ikiruka huua. Gurudumu liwekwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa pampu uwe mrefu, kichwa chake kiwe cha kujishika chenyewe, na fundi asimame mbali kando. Hatutaki kuchangishana pesa za mazishi kwa sababu mwajiri hakununua kizimba.

SHERIA YASEMAJE

Wengine wenu mtasema, "Haya yote tunayajua, lakini bwana amesema tutumie valvu ya zamani. Tufanye nini?" Basi sikilizeni.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake mara aonapo jambo la hatari kubwa, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali palipo na hatari kubwa kabla ya kuiondoa. Sheria hiyo hiyo yataka pawe na kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na wafanyakazi wawe na wawakilishi humo. Ikiwa kwenu ni 20 na hakuna kamati, hilo ndilo jambo la kwanza la kumwuliza meneja.

Juu ya kukatwa mshahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Sikieni vizuri neno hilo, makusudi. Dereva hakupasua tairi kwa makusudi ikiwa valvu ilikuwa ya miaka kumi. Na fundi aliyenyimwa valvu mpya hakuvujisha upepo kwa makusudi.

Tena Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, haimtazami dereva peke yake. Humtazama na yule anayeruhusu gari bovu litoke. Lakini askari akisimamisha gari, aliyeko mbele ya usukani ni wewe. Kwa hivyo andika. Ukiona valvu ina ufa, andika katika kitabu cha gari, tia tarehe na saa, na uweke nakala. Neno la mdomo hupotea. Maandishi hubaki mpaka kwa hakimu.

TUNAYOTAKA

Katika mapatano yajayo na waajiri, Chama kitaomba mambo haya yaandikwe:

(a) Kila tairi jipya lifungwe na valvu mpya, au, kwa valvu ya chuma, mipira mipya na moyo mpya. Gharama ni ya mwajiri.

(b) Kila karakana iwe na valvu za kutosha za vipimo vyote viwili, chombo cha kuvutia, ufunguo wa moyo, geji iliyo sahihi, na kizimba kwa malori.

(c) Kila gurudumu liandikwe kitabuni: tarehe ya tairi, tarehe ya valvu, na jina la fundi.

(d) Hakuna dereva atakayekatwa pesa za tairi kabla ya gurudumu kutazamwa, pamoja na valvu yake, mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi.

(e) Fundi anayelipwa kwa hesabu ya magurudumu alipwe na kazi ya valvu, ili asishawishike kuiruka kwa haraka ya kutafuta chakula cha watoto.

Hayo si madai makubwa. Mwajiri mwenye akili atayakubali, kwa maana yatamwokolea matairi. Naye asiyekubali, tutamletea pipa la maji.

Lakini mapatano hayo bado hayajatiwa sahihi, na magari yatatoka kesho asubuhi. Basi madereva, kabla ya kuwasha gari, wakati matairi bado ni baridi, pimeni upepo na mpinde kila valvu kwa vidole. Upepo ukipanda njiani kwa joto, msiutoe. Utashuka wenyewe matairi yakipoa. Mataniboi, tazameni magurudumu ya ndani, yale ya nyuma yaliyo mawili mawili, ambayo kila mtu huyapita kwa sababu hayafikiki upesi. Mafundi, valvu ya zamani mkiitoa ikateni vipande viwili kabla ya kuitupa, ili mtu asije akaiokota na kumfungia mwenzenu.

Atakayeona valvu mbovu ikirudishwa kwenye tairi jipya amwambie mwakilishi wake siku hiyo hiyo, naye alete habari katika ofisi ya tawi. Asingoje mkutano.

 Umoja ni nguvu.